Mboga Ndiyo Inayoilainisha Kababu ya Kuku

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: mtoto asiyegusa mboga, tumlisheje ili azipate? Jibu langu ni kababu za kuku za kuoka, zilizochanganywa na mboga mpaka mboga yenyewe isionekane. Ninapika kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo huku Buhongwa, Mwanza, na kababu hizi zimekuwa chakula chetu cha kawaida. Ila naomba niligeuze swali kidogo. Wengi wakisikia mboga ya kuficha wanadhani nyama ndiyo tamu na mboga ni dawa inayopenyezwa ndani. Kwa kababu ya kuku mambo yako kinyume: kuku ndiye mwenye shida, na mboga ndiyo inayomtoa.

Nyama ya kuku, hasa kidari, ina mafuta kidogo sana. Ikipata moto, protini zake hujikaza na kuyasukuma maji nje. Kababu ya ng'ombe tuliyoizoea inaokolewa na mafuta, ya nyama yenyewe na ya kwenye karai. Kuku mtupu wa kuokwa hana mwokozi. Anatoka mkavu, anakwama kooni, mtoto anamtema, halafu tunasema mtoto hapendi nyama. Ukichanganya humo karoti, boga au kiazi kilichopondwa, nyuzi na wanga wake huyashika maji ambayo nyama peke yake ingeyaachia. Hiyo ndiyo sababu naweka mboga nyingi: nusu kilo ya nyama ya kuku isiyo na mfupa kwa kikombe kikubwa kizima cha mboga iliyokwisha kukamuliwa. Ukiweka kijiko kimoja kwa kuogopa, hujamsaidia mtoto wala kababu.

Kazi kubwa iko kwenye maji, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa kwa sababu kababu zinawafumukia kwenye trei. Mboga si zote za namna moja. Karoti ikikwanguliwa kwa upande wenye matundu madogo, inaingia mbichi bila tatizo na inaleta utamu. Mchicha na matembele lazima vipite kwenye maji ya moto kwanza, dakika mbili tatu kwa mchicha, zaidi kwa matembele, kisha uvifinye kwa mikono miwili mpaka tone la mwisho, ndipo ukatekate laini kabisa. Kabichi ikatwe nyembamba, inyunyiziwe chumvi kidogo, ikae dakika 10, nayo ikamuliwe. Chumvi hiyo uikumbuke utakapofika kwenye nyama. Boga lichemshwe kwa mvuke, lipondwe, lirudishwe kwenye sufuria likauke. Biringanya mimi naichoma nzima juu ya mkaa mpaka ganda liungue, namenya, napondaponda. Hakuna mboga inayolainisha kababu kuishinda, na mtoto hawezi kuitambua hata umwambie atafute. Nyanya mbichi usithubutu kuiweka ndani. Ina maji mengi mno, nafasi yake ni kwenye rojo ya pembeni.

Mnavu na mgagani ninavipenda, lakini si kwa kazi hii. Uchungu wake unapenya nyama yote. Na kiazisukari chekundu, yaani bitiruti, nakikataa kwa sababu nyingine: kinaipaka nyama rangi ya waridi, nawe huwezi tena kujua kama kuku ameiva.

Watu wa Kanda ya Ziwa tuna bahati ya kitu kimoja ambacho mapishi ya kwenye simu hayakitaji: bamia. Bamia changa nne au tano zikikatwakatwa mpaka ziwe uji zinatoa ule mlenda tunaoujua, na mlenda huo hushika kababu vizuri hata bila yai. Kwa mtoto mwenye mzio wa mayai ni msaada mkubwa. Mwenye mayai atumie moja kwa nusu kilo, linatosha.

Halafu kuna viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya chungwa. Rangi ile ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, nayo huhitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe. Kwa hiyo napaka kababu mafuta ya alizeti juu kabla ya kuoka. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha trei nzima. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, hapo Misungwi, kimeshughulika na viazi vitamu kwa miaka mingi, na sisi wa Mwanza hatuna sababu ya kuchukua mkate wa dukani kufungia kababu wakati kiazi kipo. Viazi vinavyotoka ng'ambo ya Sengerema navyo vinafika kwa urahisi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Zamani lori lilikuwa linasubiri kivuko na mzigo juani. Kiazi kimoja cha kadiri, kilichochemshwa na maganda yake kisha kikamenywa na kupondwa kikiwa kimepoa, kinachukua nafasi ya chenga zote za mkate.

Kuhusu nyama, chukueni paja pamoja na kidari. Paja lina mafuta zaidi na ladha zaidi, na kidari kinaongeza wingi. Kuku wa kisasa ndiye rahisi. Wa kienyeji ana ladha kuliko wote, ila nyama yake ni ngumu, inataka kusagwa mara mbili na biringanya ya kutosha. Mwenye kuku wa mayai aliyechoka kutaga amchemshe supu tu, asijisumbue. Kwa kuku mzima usitarajie makubwa: ukitoa mifupa unabaki na karibu nusu ya uzito wake, na mifupa hiyo ndiyo supu ya kupikia wali wa watoto siku hiyohiyo.

Sipendi kupeleka kuku kwenye mashine ya buchani ambayo imepitisha nyama nyingine tangu asubuhi. Mwenye mashine ya mkono nyumbani asage. Asiye nayo aiweke nyama kwenye friza nusu saa mpaka ianze kukaza, aikate vipande vyembamba, kisha aipigepige kwa kisu kikali juu ya ubao mpaka ishikane. Na kuku aliyekwisha kunyonyolewa na kutolewa matumbo msimwoshe bombani, mama zangu, najua tumelelewa hivyo. Maji yale yanarusha bakteria kwenye sinki, kwenye vyombo, kwenye kachumbari iliyo karibu. Moto ndio unaowaua. Kinachotakiwa kuoshwa kwa sabuni ni ubao, kisu na mikono.

Mpangilio wa kuchanganya una maana yake. Nyama kwanza, na chumvi yake, robo tatu ya kijiko cha chai, au pungufu kama uliweka kabichi. Koroga kwa mkono mpaka uone inanata. Ndipo utie kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba, pilipili manga kidogo na majani ya giligilani. Kiazi na mboga viingie mwisho, uchanganye kwa haraka na uache. Chumvi ikikutana na mboga mapema itazitoa maji tena, na ukiendelea kukanda muda mrefu kababu itakuwa ngumu na ya kurukaruka menoni. Kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja, mtengee sehemu yake kabla hujatia chumvi.

Paka mikono mafuta, viringa kababu za ukubwa wa ndimu ndogo, utapata 25 hivi. Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 200, dakika 20, ukizigeuza mara moja katikati. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74 katikati ya kababu. Asiye nacho apasue iliyo kubwa kuliko zote: ndani kusiwe na rangi ya waridi na maji yake yawe meupe.

Wengi wetu hatuna oveni, na hilo lisimzuie mtu. Sufuria nzito, mchanga mkavu chini, trei ya bati juu ya mchanga, mfuniko, moto mdogo chini na makaa mengi zaidi juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki. Iache sufuria ipate joto kwanza kabla hujaingiza trei. Hapo hesabu nusu saa au zaidi kidogo, na usifunuefunue.

Nirudi kwenye suala la kuficha. Mimi siwadanganyi watoto. Wakubwa wakubwa wanaouliza "kuna nini humu?" nawaambia kuna mchicha na boga, na wanaendelea kula kwa sababu mdomo umeshakubali. Mboga iliyofichwa daima haimfundishi mtoto kula mboga. Kwa hiyo pembeni ya kababu naweka mchicha wa kuunga, kijiko kimoja tu, bila kumlazimisha mtu. Mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 10 au zaidi kabla ya kukipokea, na mtu mzima anayekasirika mara ya tatu anaharibu zile zilizobaki. Wakati tunasubiri, kababu zinamshibisha. Nyama iliyomo pia husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye majani, na tone la limau juu yake linaongeza msaada huo.

Mtaniuliza kwa nini kuku, wakati tuko kando ya ziwa lenye sato na sangara. Samaki tunawala sana, ashukuriwe Mungu, na minofu ya sangara inakubali mapishi haya. Ila nyama yake ni laini mno, hivyo punguza mboga hadi nusu na ongeza kiazi.

Mtoto wa chini ya miaka mitano msimpe kababu nzima, kwa sababu kitu cha mviringo kinaweza kumkaba. Ikate vipande vinne. Na joto la hapa si la kuchezea: kababu zilizopikwa zisikae mezani zaidi ya saa mbili. Zinazobaki ziingie friji, ziliwe ndani ya siku tatu. Za kugandisha zigandishwe zikiwa zimeshaokwa, na siku ya kula zipashwe moto ndani ya rojo ya nyanya mpaka ichemke, ndipo zinaporudisha ulaini wake.