Usikitupe Kilichokuumiza

Niliporudi kutoka hospitali, paja limefungwa bendeji, nilikuta dada yangu amekwisha kulitia lile birika la umeme kwenye gunia la taka. Alifanya kwa huruma, hakutaka nilione tena. Nikamwomba alitoe. Katika yote niliyofanya miezi iliyofuata, hakuna lililonifaa kama hilo.

Birika lilinunuliwa na shemeji yangu katika duka moja hapa Mombasa, na halikuwa limemaliza wiki tatu. Asubuhi hiyo nililiinua maji yamechemka, mkono wake ukang'oka. Tulipokwenda dukani, mwenye duka alituonyesha maneno yaliyo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Kisha akanigeukia mimi: wewe si mteja wangu, aliyelipa ni huyu. Nikaondoka nikiamini sina changu pale.

Wakili ndiye aliyenifungua macho, kwa kisa cha Bi. Donoghue wa Scotland. Agosti 1928, mjini Paisley, rafiki yake alimnunulia soda ya tangawizi. Alidai kwamba chupani mlitoka konokono aliyeoza, naye akaugua. Hakuilipia soda ile yeye. Hata hivyo, mwaka 1932 majaji wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kumwangalia mtumiaji wa mwisho, ijapokuwa hawajapatana lolote. Msingi huo mahakama zetu za Kenya huufuata. Zaidi ya hapo, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya fidia kwa hasara au jeraha litokanalo na kasoro ya bidhaa. Maandishi ya risiti hayawezi kuifuta haki hiyo.

Lakini haki bila ushahidi haifiki mbali, na hapa ndipo nakusihi unisikilize. Kiweke kitu chenyewe kama kilivyo, usikioshe wala kukigundisha. Weka na vipande, na katoni kama ipo. Mwenye duka akikwambia "niachie nimpelekee aliyeniuzia", mpe picha, kitu kibaki kwako. Risiti ipige picha siku hiyohiyo, maana maandishi yake hufifia. Jeraha nalo lipige picha kabla halijapona, na umwombe daktari aandike kilichokuunguza, si "majeraha ya moto" tu. Fundi alipolikagua birika letu, aliona mkono wote ulishikiliwa na skrubu moja iliyoingia kwenye plastiki nyembamba, nayo imepasuka.

Usikawie. Dai la uzembe, yaani dai kama lile la Bi. Donoghue, lina miaka 3 tangu siku ya kuumia. Kama fidia unayodai haizidi shilingi milioni 1, ipo Mahakama ya Madai Madogo, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Toa taarifa pia kwa KEBS, shirika la viwango vya bidhaa la Kenya. Birika kama lile huenda liko jikoni kwa mwingine, penye watoto. Nasi tujizoeze kutuma ujumbe wa simu wenye SM# na namba iliyo chini ya alama ya ubora kwenda 20023 kabla ya kulipa.

Kesi yangu haikufika mahakamani. Baada ya barua ya pili ya wakili, aliyeingiza bidhaa ile nchini alilipa gharama za hospitali na siku nilizokosa kazi. Kabla ya kulipa aliomba jambo moja tu: mtu wake aje alitazame birika.