Jibu: Mzazi anayeleta mtoto kila siku lakini halipi ada

Habari dada. Umeandika kuwa mama mmoja anamleta mtoto kwako umlelee kila asubuhi, ada ya mwezi uliopita hajalipa, na wewe unaona haya kumdai pale mlangoni. Kwanza angalia mkataba: mliandikiana tarehe ya kulipa na faini ya kuchelewa? Kama hamkuandikiana, faini iache kwa deni hili. Ianze mwezi ujao, kwa maandishi. Deni lenyewe mtumie ujumbe jioni, utaje kiasi na siku ya mwisho. Akiomba kulipa kidogo kidogo, mkubalie, ila mwambie mapema kuwa akiruka awamu moja mtoto hapokelewi. Mimi pia nalea watoto, na siku hizi napokea malipo Ijumaa kwa wiki inayofuata. Usumbufu umepungua sana. Na mtoto asisikie habari za deni, hata kwa utani.