Maswali ya Wasomaji: Ghala la Chuma Lisilo na Nguzo Katikati

Nataka ghala la mahindi la mita 18 kwa 36, malori yageuzie ndani, kwa hiyo nguzo katikati sitaki. Niagize fremu ngapi?

Tuelewane kwanza, maana mjini ukisema fremu mtu anafikiria chumba cha duka cha kupangisha. Hapa ni nguzo mbili za chuma na boriti mbili za paa zilizokazwa kwa bolti zikawa kitu kimoja. Hupangwa kila baada ya mita 6 hivi. 36 gawanya kwa 6 unapata nafasi 6, lakini fremu ni 7. Watu huisahau ile ya kufungia. Unene wa chuma apige hesabu mhandisi, usinakili ghala la jirani.

Nguzo inapokutana na boriti wameongeza pembetatu ya chuma, karibu mita 2. Si kuniongezea gharama?

Uhai wa jengo uko hapo. Kenchi ina ubao wa chini unaozuia miguu yake isitanuke. Fremu hii haina. Paa likilemewa, boriti inataka kushuka na vichwa vya nguzo vinataka kutoka nje, na kinachozuia ni kona kutokunjika. Pembetatu inaifanya kona iwe nene, bolti za juu zinavuta zikiwa mbali na sehemu ya chini inayosukumana, kama spana ndefu inavyolegeza nati ngumu. Kwa kawaida urefu wake ni kama sehemu ya kumi ya upana wa jengo: kwako ni mita 1.8. Hawajakuibia.

Bamba la chini ya nguzo halijagusa zege. Kuna mwanya wa vidole viwili, wamechomeka vipande vya chuma.

Kwa sasa ni sawa. Vipande hivyo ni vya kunyooshea nguzo. Ikishakaa wima, mwanya hujazwa mota ya saruji isiyosinyaa. Ila ukiona wanapanua matundu ya bamba kwa gesi kwa sababu bolti za msingi zilihama wakati wa kumwaga zege, simamisha kazi mpaka mhandisi afike.

Shikamoo mhandisi. Tulisimamisha fremu 2 jioni, asubuhi tukazikuta chini. Bolti zote tulikaza!

Marahaba, na poleni. Fremu ina nguvu kwa upande wa upana wa jengo tu. Kwa upande wa urefu ni kama bati lililosimamishwa kwa ukingo. Ya kwanza hufungwa kamba za waya huku na huku. Ya pili ikisimama, papi na vyuma vya X vinafungwa kati yao, paani na ukutani, kreni ikiwa bado ipo. Zinazofuata zitaegemea hapo. Giza likiwakuta kabla, bora muilaze chini wenyewe.

X ya ukutani imekaa nilipotaka mlango. Niikate?

Hapana. Mhandisi akikubali, ifungwe kwanza nyingine nafasi ya jirani, ndipo hiyo itoke.