Unataka ufundi wa PlayStation (PS)? Bisibisi baadaye

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji, "bro nataka kuanza ufundi wa PS, ninunue bisibisi gani?" Nikacheka, ila ikanichoma, maana na mimi nilianza hivyohivyo.

Enzi zangu PS2 naifungua huku naangalia mpira. Na mashine za zamani zilikuwa zinasamehe bwana. PS1 za mwanzo kabisa lenzi ya kusoma CD ilikaa jirani na pawa saplai, joto likawa linaisumbua, watu wakagundua dawa, unaipindua juu chini na gemu linaendelea, baadae ndo Sony, watengenezaji wenyewe, wakaja kuisogeza hiyo lenzi. PS2 nene ya 2000 pawa saplai iko ndani, slimu ya 2004 wakaitoa nje ikawa adapta, ndo maana ikawa kama daftari. PS4 ni feni, hitsinki (kile chuma cha kupoza chipu) na pesti ya kupitisha joto kati yao, unafuta unapaka unafunga, unakula hela yako.

Ikaja PS5 ya mteja, inazima zima. Mimi na kiburi changu nikang'oa hitsinki kama nilivyozoea. Kumbe mle hamna pesti, kuna metali ya majimaji! Chipu yake ni ndogo na inakimbia sana, joto linajaa sehemu moja, kwahiyo wakaweka kitu kinachonyonya joto kuliko pesti, shida kinapitisha na umeme, ndo wakakizungushia sponji kisitoke. Mi nikaikwangua ile sponji nikijua uchafu. Nawasha tu, shoti, bodi kwisha.

Jamaa hakunigombeza, alienda kutangaza kijiweni kwamba mimi ni fundi redio. Mpaka leo wananiita Fundi Redio na redio sijawahi kushika.

Sasa dogo, kabla hujafungua jiulize kwa nini kitu kimewekwa pale. Feni ya PS5 ina upana wa milimita 120, unadhani walipenda limashine liwe kubwa vile? Nyie vijana mna haraka, klipu ya dakika mbili unajiita injinia. Jiulize kwa nini, narudia, kwa nini! Sony wenyewe 2020 walitoa video wanaifungua PS5 kipande kwa kipande, metali wanaionyesha kabisa, bure, na mimi sikuiangalia.

Bodi nimeilipa kwa awamu miezi minne. Bisibisi uliyouliza ni ya nyota yenye tundu katikati, T8. Usinunue, njoo uazime yangu, wiki hii haina kazi.