Tumbo linabana na kuachia: ni uchungu au ni mazoezi?

Kuanzia mwezi wa tano wa ujauzito swali hili haliishi kliniki: "Nesi, tumbo linakuwa gumu halafu linaachia, nije au nikae?" Nyumbani mjamzito ataambiwa kwamba kama hauumi sana, basi si uchungu. Jibu hilo linapotosha. Ipo mikazo ya mazoezi, yaani tumbo kukaza na kuachia bila uchungu wa kuzaa kuanza, inayouma hadi mtu anakatisha maneno, na upo uchungu wa kweli unaoanza kwa kiuno kuuma kidogo tu. Tazama mpangilio wa mikazo yenyewe, kisha tazama mimba ina wiki ngapi. Yote mawili unaweza kuyapima nyumbani ukiwa na saa na kadi yako ya kliniki.

Mfuko wa uzazi ni msuli, nao hukaza na kulegea muda wote wa ujauzito. Wengi huanza kuhisi karibu na wiki ya 20 au baada ya hapo, na waliowahi kuzaa mara nyingi huutambua mkazo mapema kuliko wenye mimba ya kwanza. Daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliieleza mikazo hii ya mazoezi mwaka 1872, hivyo ukiliona jina lake kwenye karatasi ya hospitali usidhani ni ugonjwa. Tumbo hukaza zaidi kwa mbele, kwa nusu dakika hivi, wakati mwingine hadi dakika 2, kisha linalegea na mlango wa kizazi unabaki umefunga. Mkazo mmoja saa nne asubuhi, mwingine saa saba, mitatu ya kufuatana jioni, halafu kimya hadi kesho yake: hiyo ndiyo tabia yake.

Kwanza hakikisha unachohisi ni mkazo kweli. Weka vidole juu ya tumbo, karibu na kilele cha mfuko wa uzazi, ubonyeze taratibu kwa ncha za vidole. Wakunga hufundishwa kulinganisha ugumu huo na uso: ukibonyea kama ncha ya pua mkazo ni mdogo, kama kidevu ni wa kati, kama paji la uso una nguvu. Mkazo hugumisha tumbo lote. Ugumu wa upande mmoja, tena unaohamahama, mara nyingi ni makalio au mgongo wa mtoto. Maumivu ya kuchoma kwenye kinena unapogeuka kitandani au kupiga chafya, bila tumbo kukaza, kwa kawaida ni kano zinazoshikilia mfuko wa uzazi zinavutika. Kunja magoti yatulie. Choo kigumu na gesi navyo hudanganya wengi.

Kisha hesabu. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Urefu wa mkazo unaanza tumbo linapoanza kukaza na kuisha linapolegea kabisa. Nafasi kati ya mikazo ni tangu mkazo mmoja unapoanza hadi unaofuata unapoanza, si tangu ule wa kwanza ulipoisha. Anayehesabu vibaya atasema "kila dakika nne" kumbe ni kila dakika tano. Andika saa kwenye simu au karatasi, usitegemee kichwa. Ukiona 2:10, 2:31, 2:39, 3:08, mpangilio hakuna. Ukiona 2:10, 2:20, 2:29, 2:37, 2:44, na kila mkazo ni mrefu na mkali kuliko uliotangulia, hapo kuna kazi inaendelea.

Mikazo ya mazoezi huwa na sababu, na ukiiondoa sababu mara nyingi mikazo nayo huondoka. Sababu kubwa kwenye joto la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga ni upungufu wa maji. Anayefunga Ramadhani huihisi zaidi alasiri kuelekea magharibi, na dini imempa mjamzito ruhusa ya kufungua anapohofia afya yake au ya mtoto. Nyingine ni kibofu kilichojaa, kusimama muda mrefu jikoni au sokoni, kubeba ndoo, mtoto kujipindua, na tendo la ndoa. Hilo la mwisho huwatisha watu bure: mikazo michache baada ya tendo ni kawaida na hutulia yenyewe. Damu ikitoka baada ya tendo, hilo ni jambo jingine, nenda ukapimwe.

Kwa hiyo kipimo cha nyumbani ni hiki. Nenda ukojoe. Kunywa glasi mbili za maji, kama nusu lita. Kama ulikuwa umesimama, lala kwa ubavu wa kushoto na mto katikati ya magoti. Kama ulikuwa umelala, inuka utembee taratibu ndani ya nyumba. Halafu andika mikazo kwa saa moja. Ya mazoezi hupungua au huisha. Uchungu wa kweli haujali umelala au umesimama: unakuja kwa mpangilio, mara nyingi unaanzia mgongoni au kiunoni na kuzunguka hadi mbele, na kutembea huuzidisha. Ute mzito wenye michirizi ya damu huongeza ushahidi, ingawa unaweza kutangulia uchungu kwa siku kadhaa.

Kipimo hicho ni cha mimba iliyofika wiki 37. Chukua tarehe ya matarajio iliyoandikwa kwenye kadi, urudi nyuma wiki 3, ndipo ilipo wiki ya 37. Kabla ya hapo kunywa maji na kulala ubavu ni sawa, lakini mikazo minne au zaidi ndani ya saa moja haitazamwi hadi asubuhi, hata kama haiumi. Nenda kituoni vilevile ukihisi mtoto anasukuma chini, kiuno kinauma kwa kwenda na kurudi kama siku za hedhi, au ute umebadilika na kuwa majimaji. Uchungu wa mapema ukigundulika mapema, kuna ya kufanya: sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na rufaa kwenda hospitali yenye huduma ya watoto njiti. Sindano hizo zinahitaji muda kufanya kazi, na muda huo ndio unaopotea mtu akiambiwa "ni mazoezi tu, vumilia". Tena mikazo ya mapema mara nyingi ina chanzo kinachotibika. UTI ni mfano mzuri, na kwetu malaria pia, kwa hiyo usikubali kuondoka bila kupimwa mkojo, na damu kama una homa.

Yapo mambo ambayo hayahesabiwi dakika, uwe wiki ya 25 au ya 40. Chupa ikipasuka, hata kama ni maji kidogo yanayochuruzika bila kukoma, unakwenda. Yakiwa ya kijani au kahawia, unakwenda mbio. Damu inayotiririka, vivyo hivyo. Tumbo lililokaza lisiloachia kabisa, lenye maumivu ya mfululizo, linaweza kuwa kondo la nyuma limebanduka, na damu inaweza isionekane nje. Kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, degedege, homa, au mtoto kucheza kidogo kuliko kawaida yake: nenda siku hiyohiyo, saa hiyohiyo. Aliyewahi kuzaa kwa upasuaji asikae nyumbani kuhesabu mikazo yenye mpangilio, na maumivu ya kwenye kovu yanayobaki hata mkazo ukiisha ni dharura. Tanzania kuna namba ya bure 115 ya m-mama kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Iandike kwenye jalada la kadi.

Kuhusu dawa, tuseme wazi. Mwishoni mwa mimba, ikiwa mikazo ya mazoezi inakunyima usingizi, kuoga maji ya vuguvugu na paracetamol vidonge viwili vya miligramu 500 vinatosha. Usizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Diklofenaki na ibuprofeni ziache, maana zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto aliye tumboni. Na zile dawa za miti za "kuongeza uchungu" ndizo hatari kuliko zote. Hakuna anayejua kipimo chake, zikishaingia hazitolewi, na mfuko wa uzazi unaweza kukaza mfululizo mpaka mtoto akakosa hewa au mfuko ukachanika. Kuharakisha mikazo ya mazoezi hakuigeuzi uchungu.

Ukiwa na mimba ya kwanza, umefika wiki 37 na hospitali iko karibu, unaweza kungoja hadi mikazo iwe kila dakika 5, kila mmoja wa karibu dakika moja, kwa saa nzima. Mwenye mimba ya pili na kuendelea aondoke mapema kuliko hapo. Anayetegemea bodaboda usiku, au mwenye mto wa kuvuka, aondoke mikazo inapopata mpangilio tu. Kama kuna nyumba ya kusubiria wajawazito karibu na hospitali, itumie wiki za mwisho.

Leba, mkunga ataweka mkono tumboni kwa dakika 10 nzima kuhesabu mikazo, kisha atapima njia, yaani mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linahesabu uchungu uliokolea kuanzia sentimita 5, kwa hiyo mwenye sentimita 2 anaweza kurudishwa nyumbani ingawa maumivu yake ni ya kweli kabisa. Kabla hujaondoka uliza mambo matatu: njia ni sentimita ngapi, mapigo ya moyo wa mtoto yakoje, na urudi ukiona nini. Omba yaandikwe kwenye kadi pamoja na saa uliyopimwa, ili atakayekupokea usiku aone kama njia imesogea au iko palepale.