Barua kwa mwanangu: kanzu ya tatu

Marahaba baba. Meseji yako niliisoma jana usiku nikairudia asubuhi kabla sijafungua kibanda, sikutaka kukujibu kwa voisi noti mana ungesikia naongea na wateja huku nakujibu wewe. Umesema mtumishi aliyekuja kuhubiri huko Liwale kawaambia anayetaka kumtumikia Mungu kweli aache nyavu zake, sasa wewe tabibu wa kituo cha afya unaniuliza uache kazi uende chuo cha Biblia, au kuna namna kazi yenyewe ikawa huduma. Ukamalizia "mama wewe ungefanyaje".

Mimi ni fundi cherehani tu, ila kwenye Biblia kuna fundi mwenzangu. Paulo alipofika Korintho alifikia kwa Akila na Prisila, wote mafundi mahema kama yeye, soma Matendo 18. Wahubiri wakifika hapo wanakimbilia sinagogi, mimi huwa nabaki kwenye hema. Yani mtu yule siku za kazi ameinama anashona, vidole vina sugu, mteja kasimama mlangoni anauliza yangu lini, af Sabato ndo anaenda kuhojiana na watu sinagogi. Na usisahau mstari wa 5, Sila na Timotheo walipokuja kutoka Makedonia akajizamisha kwenye kuhubiri, na kwenye Wakorintho wa pili anasema ndugu wa Makedonia ndo walimtimizia mahitaji. Kwahiyo hakula kiapo cha kushona maisha, wala hakuona kushona ni kupoteza muda. Alipowaaga wazee wa Efeso aliwaonyesha mikono yake, kwamba ndo iliyomlisha.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia, ulikuwa darasa la tatu. Ramadhani ile mzee mmoja wa mtaa wa juu aliniletea tetroni nyeupe nishone kanzu tatu za wajukuu zake, akalipa yote siku hiyohiyo, hata sikumwomba. Nikamwambia siku tatu kabla ya Idi njoo uchukue. Af likatokea kongamano la injili Mtwara mjini, nikasema naenda siku mbili, nikakaa nne, mana uwepo ulikuwa mkubwa, ndo tulivyokuwa tunasema. Njia nzima narudi Masasi nimekaa kwenye basi naimba. Nimefika jioni ya kuamkia Idi, nikawasha taa ya chemli nikakanyaga ile Singer mpaka miguu ikafa ganzi, alfajiri nina kanzu mbili, ya tatu ina mkono mmoja na kola haijakaa.

Mzee akaja na watoto wote watatu, wameshaoga, wananukia. Wawili wakavaa palepale. Yule mdogo akabaki kasimama na barakashia mpya kichwani na kaptula ya shule, ananiangalia mikono. Nikaanza kujitetea, nikamwambia mzee nisamehe nilikuwa kwenye mambo ya Mungu. Hakupandisha sauti hata kidogo, akasema, "Na huyu, mama, leo anakwenda wapi?"

Baba, hela nilimrudishia akaikataa, kanzu nikaimaliza nikampelekea mwenyewe kwake, kaipokea vizuri, chai nikapewa. Ila kazi hakuleta tena karibu miaka miwili. Na mimi mtaa ule nilikuwa nimejipanga kuushuhudia eti! Neno gani ningemwambia tena mzee yule akanisikiliza? Ndo mwaka huo nikanunua lile daftari unalolijua, naandika siku ya kuchukua, na kama siwezi nasema siwezi. Mafundi wenzangu walinicheka, wakasema nafukuza wateja. Ni kweli wengine walikimbilia kwa wanaowaambia njoo kesho.

Kwahiyo ukiniuliza kazi inakuwaje huduma, nakwambia anza na kazi ikae sawa. Kipimo cha malaria kisome dakika zake, usikitupie jicho ukaandika. Dawa kama ipo dirishani isigeuke kuwa haipo mpaka mtu atoe ya chai. Mama mjamzito katembea tangu saa kumi usiku, usimpigie kelele kasahau kadi. Hapo hujataja Yesu bado.

Af kumtaja kwenyewe kuna adabu yake. Mgonjwa mwenye dripu mkononi hawezi kukukimbia, sasa ukisimama kichwani kwake ukaanza kuhubiri umemfunga kamba, na huku kwetu wagonjwa wako wengi ni Waislamu, wamekuja kwako kwa shida siyo kwa mjadala. Na muda ule unalipwa kutibu. Akikuuliza mwenyewe, daktari mbona wewe hivi, mjibu bila aibu, kwa kifupi. Akikuomba umuombee, muombee. Asipouliza mpaka anaruhusiwa kwenda nyumbani pia hujapata hasara yoyote, hukumpa dawa kama chambo.

Mfano wa daktari tunao hapahapa. Leader Stirling, Mwingereza, alikuja na UMCA, misheni ya Waanglikana, mwaka 1935, akafanya kazi ya upasuaji hapo Lulindi, baadae akahamia Mnero upande wenu wa Nachingwea, mwisho Mwalimu akamfanya Waziri wa Afya, 1975. Na Wamoraviani, wawili wa kwanza kutumwa nje kutoka Herrnhut Ujerumani mwaka 1732 kwenda kwa watumwa kisiwa cha St. Thomas huko Karibiani walikuwa mfinyanzi na seremala. Wabenediktini, wale watawa Wakatoliki wa Ndanda, usiseme, sala na kazi ndo mwendo wao, seremala wao na hospitali yao nani hajui huku kwetu.

Ila simpingi mtumishi wenu. Wachungaji tunawahitaji, nani atatuzika? Petro aliacha nyavu kweli. Kama umeitwa utajua, na mimi sitakuzuia, ng'ombe sina ila korosho za babu yako zitakulipia ada ya mwaka wa kwanza, bei ya mnada ikikaa vizuri. Ninachokataa ni kukimbia. Kwenye meseji yako umeandika "nimechoka" mara nne, baba, nimehesabu. Uchovu wa zamu za usiku na mganga mfawidhi asiyekusikiliza siyo wito, huo unaombewa likizo. Chukua likizo yako kwanza, uje ulale, ule mchuzi wa kunde mbichi, af tuongee tena uniambie kama bado unataka chuo.

Halafu lile koti jeupe uliloniambia limechanika mfuko, nimekushonea lingine, mifuko nimeipiga mara mbili mana najua unajaza kalamu na simu. Nitalitoa kwa gari la Jumatano kama barabara ya Liwale haijakatika na mvua. Nimeliandika kwenye daftari.

Mama yako