Notisi ya siku saba kwenye ardhi ya umma: la kufanya kabla tingatinga halijafika

Ndugu yetu ameeleza kwamba mtaa wao hapa Nairobi uko kwenye ardhi ya umma, watu wamekaa hapo zaidi ya miaka ishirini, na wiki hii wamekuta notisi zimebandikwa kwenye mabati: siku saba, hameni. Anauliza kama wana haki yoyote bila hati ya kumiliki ardhi, na kama wanayo, waanzie wapi.

Haki mnayo. Kifungu cha 43(1)(b) cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na kufikika, pamoja na viwango vya kuridhisha vya usafi. Lakini msikimbilie Katiba kwanza. Kinachowafaa haraka zaidi ni Sheria ya Ardhi, vifungu 152A hadi 152I vilivyoongezwa mwaka 2016, kwa sababu hivyo vinataja siku, watu na magazeti.

Shikeni ile notisi mwone imetiwa saini na nani. Kwa ardhi ya umma, mwenye jukumu la kuwaarifu ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Taarifa inatakiwa iwe kwa maandishi, itoke kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kwenye gazeti moja linalosomwa nchi nzima, na itangazwe redioni, kwa lugha ya wenyeji inapofaa, angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kuhamishwa. Karatasi ya siku saba yenye muhuri wa idara nyingine imekosea mara mbili: muda na mtoaji. Ingekuwa ardhi ya mtu binafsi, miezi mitatu ni ile ile, na kama wakaaji ni wengi, mwenye ardhi anatakiwa aichapishe kwenye magazeti mawili ya kila siku, aibandike kwenye sehemu zisizopungua tano ndani ya ardhi hiyo, na ampe nakala naibu kamishna wa kaunti pamoja na mkuu wa polisi wa eneo.

Kuna mtego mmoja. Kama karatasi inataja Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, hiyo si notisi ya kuhamishwa bali ni ya utekelezaji, yaani mnaambiwa mmejenga bila kibali. Rufaa yake inapelekwa kwenye kamati ya uratibu ya kaunti ndani ya siku 14. Watu wengi hukaa wakitegemea miezi mitatu, siku 14 zikapita, halafu upande wa pili ukasema hamkutumia njia iliyowekwa na sheria. Kwa hiyo kila karatasi isomwe peke yake, hata kama zote zimebandikwa siku moja.

Msiibandue kabla ya kuipiga picha. Picha ioneshe karatasi, mlango na nyumba ya jirani, na anayepiga aandike tarehe na jina lake, maana ndiye atakayeapa baadaye kwamba aliiona.

Sasa orodha ya wakaaji, na hapa ndipo naomba muweke nguvu zaidi kuliko popote. Kesi nyingi za makao hudhoofika kwa sababu mahakama inaambiwa "wakaaji wapatao elfu kadhaa" bila kuoneshwa hata mlango mmoja. Gawanyeni mtaa kwa mafungu, kila fungu lipewe herufi, kila mlango uandikwe namba kwa rangi. Kwa kila mlango andikeni jina la mkuu wa kaya, wamo wangapi, waliingia mwaka gani, ni mwenye kibanda au mpangaji, analipa kodi kiasi gani, watoto wanasoma shule ipi, na kama kuna mgonjwa, mzee, mjamzito au mwenye ulemavu. Kisha piga picha familia ikiwa imesimama mlangoni, namba ikionekana.

Ushahidi wa miaka hamuukosi, ila umetawanyika: kadi ya kliniki ya mtoto, ripoti ya shule, ujumbe wa M-Pesa wa kodi, risiti ya maji, barua ya chifu. Kadi ya kliniki ina uzito kwa sababu iliandikwa na mtu asiyehusika na mgogoro wenu, zamani kabla haujaanza.

Waandishi wa orodha waende wawili wawili, mmoja atoke fungu jingine. Wakimaliza, majina yasomwe kwa sauti barazani na watu wapinge wasichokubali. Jina hewa moja linatosha kumpa wakili wa upande wa pili nafasi ya kuichafua orodha nzima. Namba za vitambulisho zikae kwa watu wawili mnaowaamini, kamwe zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp.

Na wapangaji waandikwe. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linaloumiza watu kimyakimya. Katika mitaa mingi ya mabanda wengi ni wapangaji, na mwenye vibanda huenda anaishi kwingine. Orodha ikibeba wenye vibanda tu, fidia au nyumba mpya itawafuata wao, na mama aliyelipa kodi miaka kumi na mitano anaondoka na godoro lake. Maslahi ya makundi haya mawili hayafanani: mwenye vibanda anaweza kuridhika na hela, mpangaji anahitaji pa kulala. Kamati yenu iwe na wapangaji wa kutosha kuzuia uamuzi, si mmoja wa kupamba.

Siku hiyo hiyo ya kwanza pelekeni kwa ofisi iliyotoa notisi barua ya kuomba habari chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Muda wa kujibu ni siku 21, lakini ombi likigusa uhai au uhuru wa mtu ni saa 48, kwa hiyo elezeni wazi kuna wagonjwa na watoto wachanga wangapi. Ulizeni mambo machache: namba ya ardhi, imesajiliwa kwa nani, ni mradi gani unaokuja, nani aliidhinisha, na mpango wa kuwapa watu makao mbadala uko wapi. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, nendeni kwa Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na ule ukimya wenyewe mnaupeleka mahakamani.

Kuhusu mahakama: mambo ya ardhi ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ukifungua Mahakama Kuu utapoteza wiki mkibishana kuhusu mamlaka huku mabati yakishushwa. Kifungu cha 22 cha Katiba kinaruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya kundi au kwa maslahi ya umma, na kinasema hakuna ada ya kuanzisha kesi ya aina hiyo. Kama kikundi chenu hakijasajiliwa, msishtaki kwa jina la kikundi. Wekeni majina ya watu watatu au wanne kwa niaba ya wote walio kwenye orodha. Wakili mkikosa, shirika la msaada wa kisheria liitwalo Kituo cha Sheria limefanya kazi hii miaka mingi, na ipo pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Pamoja na kesi, pelekeni cheti cha dharura, yaani karatasi ya kuomba msikilizwe haraka, na ombi la amri za kuhifadhi hali ilivyo, chini ya Kifungu cha 23. Msiombe zuio la kawaida dhidi ya serikali, kwa sababu sheria ya kesi za serikali inalikataa na ombi linaweza kuanguka hapo. Mashtaka yamtaje aliyetoa notisi, Tume ya Ardhi na Mwanasheria Mkuu. Vikundi viwili vya mtaa mmoja visifungue kesi mbili, maana ya pili itatumika kuisimamisha ya kwanza.

Amri ikitoka, kazi ndiyo inaanza. Chapisheni nakala nyingi, mpeleke kwa kila mshtakiwa, kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) na kwa naibu kamishna wa kaunti, na kila mmoja asaini kupokea. Kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilipewa notisi ya siku saba mwaka 2011, wakaenda mahakamani wakapata amri, na bado kilibomolewa Novemba mwaka huo huo. Kesi yao ilipitia Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa, ikafika Mahakama ya Juu ambayo iliamua Januari 2021. Uamuzi huo ni nguzo yenu: watu waliokaa muda mrefu kwenye ardhi ya umma, wakajenga makazi na kulea familia, wana haki ya makao ambayo mahakama inaweza kuilinda hata kama hawana hati. Umethibitisha pia kwamba jaji anaweza kutoa amri na kuendelea kusimamia utekelezaji wake. Iombeni amri ya namna hiyo kwa maneno kamili: mazungumzo yafanyike ndani ya siku kadhaa zilizotajwa, na ripoti irudi mbele ya jaji.

Wabomoaji wakija wakati wowote, mtu mmoja awe na kazi ya kurekodi tu. Kifungu cha 152G kinawataka wajitambulishe, waoneshe idhini, maofisa wa serikali wawepo, nguvu isizidi kiasi, na wakaaji wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa mali. Rekodi namba za magari na saa. Msirushe mawe, picha moja ya jiwe itafunika saa mbili za video zenu.

Haya yote yanawapa muda. Kinachowabakiza watu ni mpango wa eneo. Mukuru walifika hapo Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilipotangaza mitaa ya Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la upangaji, yaani eneo linaloandaliwa mpango wake lenyewe. Muungano wa Wanavijiji, ambao ni mtandao wa wakaaji wa mitaa ya mabanda, na washirika wao walikuwa na takwimu za kaya mkononi, na wakaaji walijipanga kwa vikundi vidogo vya kaya hadi ngazi ya mtaa, ili kila nyumba ijue ni nani anayeisemea. Andikeni ombi kwa bunge la kaunti mkiambatanisha orodha yenu, kila anayeunga mkono aweke jina, namba ya kitambulisho na saini, na mumtafute mwakilishi wadi kabla ya vikao vya bajeti.

Wakiwaambia ardhi inahitajika kwa nyumba za bei nafuu, hilo nalo lina maswali yake. Sheria ya 2024, ile iliyoweka tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara, inatambua nyumba za kijamii kwa wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwenye kikao cha maoni ya umma ulizeni, na mhakikishe imeandikwa kwenye kumbukumbu: ni ngapi kati ya nyumba hizo zitakuwa za kijamii, wanaohamishwa watakuwa wa kwanza kwenye foleni kwa utaratibu upi, watakaa wapi ujenzi ukiendelea, na malipo ya mwezi yatakuwa kiasi gani. Linganisheni jibu la mwisho na safu ya kodi kwenye orodha yenu. Kama kaya nyingi zinalipa 3,000 na nyumba ya bei ya chini inadai 6,000, hesabu hiyo iandikwe kwenye maoni yenu kwa tarakimu, ikiwa na saini ya katibu wa kamati.